Mfumo wa Kisasa wa Viti na Mahema

Nilijipa cheo cha Meneja wa Fedha asubuhi moja ya Jumatatu, nikiwa nimevaa kikoi na fulana iliyotoboka kwapani. Hakuna aliyenipinga kwa sababu hakuna aliyenisikia. Mke wangu alikuwa uani akisugua masufuria ya pilau yaliyorudi kutoka harusini, nami nilikuwa sebuleni na laptopu, kitu pekee cha maana nilichotoka nacho kwenye yadi ya makontena kule Changamwe walipotupunguza kazini.

Biashara yenyewe haikuwa yangu. Hili nilipaswa kulisema mwanzo, lakini ndivyo nilivyo, hujitaja kwanza. Ni biashara ya mke wangu. Aliianza hapa Bombolulu kabla hatujaoana, kwa viti vichache vya plastiki na hema moja alilomshonesha fundi wa jirani. Nilipokuja kumposa tayari alikuwa na stoo ya mabati iliyojaa viti vyeupe, mahema, masufuria makubwa ya kupikia shughuli, na sifa. Hiyo sifa ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Mtu akifiwa mtaani kwetu, hata kabla jamaa walio mbali hawajapigiwa simu, atatumwa mtu aje kugonga kwa mke wangu. Haulizi bei. Husema tu, "Tumefikwa," na mke wangu hujifunga leso kiunoni akafungua stoo.

Bei huja baadaye, na huja kwa namna ambayo mimi mtu wa bara ilinichukua miaka kuielewa. Watu wakisharudi kutoka mazikoni, mke wangu huenda mwenyewe kuchukua viti, akifuatana na mzee wetu wa mkokoteni. Lakini hagusi kiti. Kwanza hukaa. Huletewa chai au kahawa, husikiliza marehemu aliuguaje, alisema nini mwisho, nani alichelewa kufika na kwa nini. Nusu siku hupita hivyo. Ndipo mwenye msiba mwenyewe huanzisha habari ya malipo, mke wangu husema asijali, yule husema lazima ajali, na mwisho wake hulipwa, mara nyingine yote, mara nyingine kwa vipande. Mimi niliyetumia ujana wangu kugonga mihuri kwenye karatasi za makontena nilikuwa nikiutazama utaratibu huo na kuhesabu saa zinazopotea.

Kilichonipandisha kichwa ni hoteli. Hoteli moja ya ufukweni, upande wa Bamburi, ilitaka mtu wa kuikodisha viti na mahema kwa mikutano ya mwisho wa mwaka, na jirani yetu anayefanya kazi jikoni pale akatutaja. Nilikwenda mimi. Nilivaa suruali ya kitambaa na viatu vya kufunga kamba, nikaketi mbele ya afisa wa ununuzi katika chumba chenye baridi ya kuchoma masikio. Aliuliza idadi ya viti, nikajibu. Aliuliza kama viti vina vitambaa vya kuvalisha, nikasema vipo, ingawa havikuwapo. Kisha akauliza invoisi zetu zinatoka kwenye mfumo gani.

Nikamwambia ni mfumo wa kisasa. Akauliza upi. Nikasema tuko katika harakati za kuuboresha. Ukweli ni kwamba mfumo wetu ulikuwa kichwa cha mke wangu, na kalenda ya duka la vyuma iliyoning'inia kando ya friji, yenye alama za mkaa. Afisa akaniambia nimletee mfano wa invoisi na taarifa ya mwezi kabla hawajafunga orodha yao. Nikainuka nikamshika mkono kama mtu anayeagana na balozi.

Ndipo nikaanza kutafuta programu ya hesabu.

Ya kwanza niliiona Nyali, katika ofisi yenye zulia. Aliyeiuza alikuwa mwanamume wa Nairobi, amefunga tai katika joto lile, na aliniita Mkurugenzi tangu mlangoni. Ningeinunua hapo hapo. Alinionyesha ripoti za rangi, michoro inayopanda na kushuka, mahali pa kuingiza matawi, mahali pa kuingiza idara. Akaniuliza tuna matawi mangapi. Nikafikiri. Viti vilikuwa stoo ya nyuma, na masufuria tulikuwa tukiyaweka kwenye veranda ya jirani kwa sababu stoo ilikuwa imejaa. Nikasema mawili. Akauliza wafanyakazi, nikamhesabu mke wangu, nikajihesabu mimi, nikamhesabu na mzee wa mkokoteni ambaye hajawahi kuwa mfanyakazi wetu maishani mwake, hubeba mzigo wa yeyote anayemwita. Aliponitajia bei ya mwaka nilikohoa kidogo, nikamwambia nitalipeleka suala hilo kwenye bodi.

Bodi ilikuwa inakwaruza ukoko wa wali niliporudi. Iliniuliza kama nimepita dukani kununua sabuni.

Ya pili nilipewa bure na mwenzangu wa kanisani, mtu mwema anayejua kompyuta. Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya duka la dawa la shemeji yake, duka likafungwa, programu ikabaki. Akaniwekea kwenye laptopu kwa moyo mkunjufu. Nilipoanza kuingiza vitu vyetu, ikanidai tarehe ya kuharibika ya kila kiti. Haikukubali kuendelea bila tarehe. Nikaviandikia viti vyote miaka kumi. Ilipofika zamu ya mahema ikataka kujua yanatumiwa mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya chakula. Nikaandika baada ya chakula. Kwenye masufuria ikanionya kwa maandishi mekundu kwamba dawa hii isitolewe kwa mama mjamzito. Mke wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akacheka hadi akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Niliona ni mzaha dhidi ya taaluma yangu. Nikakaa na karatasi, nikachora jedwali la kulinganisha kisomi: bei, urahisi, usalama, ripoti. Nikazipa programu alama bila upendeleo. Ya duka la dawa ikashinda, maana ilikuwa bure. Nikaongeza safu ya mwonekano. Ikashinda tena. Nikaongeza safu ya heshima mbele ya wateja, nikaipa ya duka la dawa sifuri, na hapo ndipo ile ya tatu ikapanda juu.

Hiyo ya tatu niliipata kwenye intaneti. Ilikuwa ya kulipia kila mwezi, bei ya kuumiza kidogo tu, imetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye sidhani aliwahi kukisikia kikizungumzwa. Lakini ilitoa invoisi nzuri, ilikuwa na mahali pa kuweka nembo, na kubwa kuliko yote, ilituma jumbe yenyewe. Mteja akishahudumiwa, inamshukuru. Akikawia kulipa, inamkumbusha. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja na mikono yenye povu, akasimama, kisha nikaona amekaa.

"Kwa hivyo mtu akikawia," akasema, "itakayomwambia ni hii, si mimi?"

Nikamwambia ndiyo hivyo hasa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika miaka yote ya ndoa yetu, kwamba kila anapomdai mtu aliyefiwa hukosa usingizi, na kwamba kuna nyumba anazipita mbali ili wasidhani amekwenda kudai. Siku zote nilidhani hajui biashara, kumbe alikuwa anaona haya. Akasema tuchukue hiyo. Kwa hiyo mwenye kuuliza, na ajue kwamba uamuzi ulipita bila kura ya kupinga, na nusu ya balaa ni yake, ingawa hajawahi kuikubali nusu hiyo.

Wiki iliyofuata niliifurahia kupita kiasi. Niliingiza kila kiti. Stoo nikaiita Makao Makuu na veranda ya jirani nikaiita Tawi la Kaskazini. Mke wangu alipotaka sufuria nilimwambia ajaze ombi. Akaniangalia, akaenda kulichukua sufuria.

Ilipofika sehemu ya wateja nilimwita anitajie majina. Sasa, mtaani kwetu kazi ya matanga haiitwi kwa jina la aliyekuja kugonga. Aliyegonga ni mtu wa kutumwa tu. Shughuli huitwa kwa jina la aliyekufa: matanga ya mzee fulani, matanga ya mama fulani. Hivyo ndivyo mke wangu alivyozikumbuka zote, na hivyo ndivyo alivyonitajia akiwa anapepeta mchele. "Andika marehemu baba nanihii." Nami, Meneja wa Fedha, nikaandika. Programu ilitaka jina la kwanza na jina la pili. Jina la kwanza nikaandika Marehemu. Kulikuwa na kazi nyingi za matanga mwaka ule, na kufikia jioni tulikuwa na wateja kadhaa walioitwa Marehemu, nami sikuona ajabu yoyote. Kwenye namba za simu mke wangu alinipa simu yake nitafute mwenyewe, na palipokuwa na namba ya marehemu mwenyewe, niliichukua.

Mmoja wao alikuwa mzee aliyestaafu kiwanda cha saruji, mtu wa Kaloleni kwa asili, mzee wa kanisa, aliyekaa njia ya tatu kutoka kwetu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoza binti yake kwa mahema yetu, ndiyo maana namba yake ilikuwamo. Alifariki katika wiki ile ile ya furaha yangu. Viti vyetu vilikaa kwao siku zote za maombi, wakampeleka Kaloleni kumzika, wakarudi.

Asubuhi waliporudi mke wangu alianza kujifunga leso aende. Nikamzuia. Nikamwonyesha kwamba programu ina fomu ya kurejesha vitu, nzuri kabisa, yenye nembo yetu na mstari wa sahihi. Nikamwambia kila akienda anapoteza nusu siku, na kwamba nusu siku hizo zikijumlishwa ni mkutano mzima wa hoteli. Nilisema maneno kama ufanisi. Alisita, akasema si vizuri, lakini alikuwa na harusi ya kupikia kule Mtopanga jioni ile na mchele haujachaguliwa. Akakubali. Mzee wa mkokoteni akaenda na fomu, akarudi na viti na sahihi. Viti vilitimia. Nikabonyeza mahali palipoandikwa kwamba huduma imekamilika, nikajipigia makofi moyoni.

Siku chache baadaye, alasiri, mke wangu alikuwa uani mbele ya stoo akizungumza na mama mmoja aliyekuja kukodi masufuria. Akaingia mtoto mkubwa wa yule mzee aliyefariki, mwanamume wa makamo afanyaye kazi bandarini, bado na buti za kazini. Hakusalimia. Kwetu mtu asiposalimia unajua kwamba jambo ni zito. Alikuwa ameunakili kwenye karatasi ujumbe uliofika kwenye simu ya baba yake, akausoma kwa sauti mbele yetu sote, polepole, bila kuruka neno:

"Mpendwa Marehemu. Asante kwa kutuchagua. Tunatumai umefurahia huduma yetu. Tunakukaribisha tena hivi karibuni, wewe na familia yako yote."

Yule mama wa masufuria akaweka kifuniko chini taratibu, akasema atarudi baadaye. Hakurudi. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mimi nikasema neno la kwanza lililonijia, na mpaka leo sijui kwa nini liwe ndilo. Nikasema, "Ni mfumo."

"Mfumo ndio unaomwita baba yangu arudi?" akauliza. "Na sisi sote tumfuate?"

Mke wangu alimwomba radhi kwa kila lugha anayoijua, Kiswahili na Kigiriama, hata magoti alitaka kupiga. Yule bwana akamwambia ugomvi wake si na yeye, akanitazama mimi, akaondoka.

Hapo ndipo nilipokumbuka Marehemu wengine. Nilikimbilia laptopu. Jumbe zao zilikuwa zimepangwa foleni, zinangoja saa yao. Nikatafuta mahali pa kuzisimamisha, nikapata mahali pa kubadilisha rangi. Nikazima laptopu. Mke wangu akauliza kama nikizima zitakoma. Sikujua. Nikang'oa betri, kana kwamba ule mtambo ulikuwa kuku wa kuchinjwa, wakati programu yenyewe inakaa huko ulimwenguni na haina habari na betri yangu. Nikairudisha betri, nikawasha, nikawaandikia watu wa msaada wa programu. Jibu likaja papo hapo. Liliniita mpendwa mteja, likasema ujumbe wangu ni muhimu sana kwao. Jasho lilikuwa limenilowesha mgongo nilipokiona kidude cha kuzimia jumbe, pembeni kabisa, kidogo kama punje ya ufuta.

Lakini ujumbe mmoja ulitosha. Habari zilikuwa zimeshazunguka mtaa mzima, na kila aliyezisimulia alitia chumvi yake. Nilisikia mahali kwamba tumempigia simu maiti. Nilisikia kwamba tunaombea watu wafe ili tupate kazi. Wiki hiyo akafariki bibi mmoja nyumba chache tu kutoka kwetu, mtu tuliyekuwa tukimsalimia kila asubuhi. Tulisikia kilio alfajiri. Mke wangu aliamka, akajifunga leso, akaketi karibu na mlango akingoja kugongewa. Jua lilipanda. Alipofungua mlango aliona mahema ya buluu yakisimamishwa, mahema ya mwenye biashara mwingine anayetoka mbali, huko Kisauni ndani. Alikwenda msibani kama mtu mwingine yeyote, akaketi kwenye kiti cha mtu mwingine.

Nilidhani akirudi atanifokea, na nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi wenye vipengele. Hakufoka. Alivua leso akaikunja, akaiweka kabatini.

"Mimi watu hunijia kabla hawajawaambia ndugu zao," alisema. "Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Viti kila mtu anavyo."

Nitasema wazi kwamba niliumia, na kwamba kilichoniuma zaidi ni kuwa hakuwa ameniita mjinga. Usiku huo, badala ya kulala, nilifanya ninachokijua. Nilifungua programu nikaanza kuandika ujumbe mpya wa kuomba radhi, wa kutumwa kwa wafiwa wote kwa mpigo. Nilikuwa nimefika kwenye "kwa masikitiko makubwa" mke wangu alipopita kwenda kunywa maji, akausoma juu ya bega langu. Akaniambia nikibonyeza pale na yeye ataondoka na viti vyake. Nikafuta.

Hoteli, nisije nikasahau, haikupiga simu tena. Nilisikia kwa jirani kwamba walinunua viti vyao wenyewe, vyenye vitambaa.

Siku mbili baadaye mke wangu aliniwekea mezani kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, akaniambia niende kwa mjane wa yule mzee. Nikasema twende wote. Akasema yeye hajatuma ujumbe wowote kwa mtu yeyote.

Nilikwenda alasiri. Nilivaa tena vile viatu vya kufunga kamba, sijui kwa nini. Nilimkuta mama wa watu ameketi barazani juu ya mkeka akichambua mchicha, peke yake. Wageni walikuwa wameisha. Nyumba ambayo wiki chache nyuma nilipeleka viti hadi vikajaa njiani, ilikuwa kimya, na uani palikuwa na alama tu za miguu ya mahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Sikukaa. Nilianza kueleza. Nilimweleza jinsi programu inavyofanya kazi, jina la kwanza na jina la pili, kwa nini namba ya mzee ilikuwamo, tofauti ya ujumbe unaoandikwa na mtu na ujumbe unaojituma. Nadhani niliwahi kulitaja neno ufanisi. Nilieleza nimesimama, na mfuko wa sukari mkononi, hadi mkono ukafa ganzi. Yeye aliendelea kuvunja majani ya mchicha. Nilipoishiwa akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

"Basi kaa," akasema.

Nikakaa mkekani, viatu nikaviacha pembeni. Akanipokea sukari, akashukuru. Kisha akaniambia, si kwa ukali, kwamba hasira ni za mwanawe na atazungumza naye, maana mtoto aliyefiwa na baba lazima apate mtu wa kumkasirikia. Yeye lililomkaa rohoni lilikuwa jingine. Asubuhi ile walipotoka mazikoni alikuwa amebandika chai, ya watu wawili, akimngoja mke wangu. Akaja mzee wa mkokoteni na karatasi. Akaambiwa atie sahihi kwamba viti vimerudi vyote. Akatia. Viti vikatoka kimoja kimoja, mzee wa watu akaaga kwa adabu, na yeye akabaki na birika. Mtu wa kwanza ambaye angemhadithia jinsi alivyokufa mumewe alikuwa mke wangu, na mke wangu hakuja.

Nilitaka kusema kwamba nilimzuia mimi. Nikasema. Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua.

Kisha akasema mwisho wa mwezi watafanya ibada ya kumkumbuka mzee, na mahema yatoke kwa mke wangu, meupe, asiyaone yale ya buluu hapa kwake. Nilijua maana yake. Mtaa ukiona mahema yetu yamesimama hapo, kwake yeye kuliko kwa mtu yeyote, ule mlango wetu utagongwa tena. Na kwa sababu Mungu alinipa mdomo kabla ya kunipa akili, nikamjibu, "Asante, mama. Nitaiingiza kwenye mfumo."

Aliacha mchicha. Akajifuta mikono kwenye leso, akatoa upindoni simu ndogo ya kubonyeza, ya mzee, iliyofungwa na mpira wa ndala ili betri isitoke. Ilikuwa imechajiwa.

"Hiyo mashine yenu," akauliza, "mtu akiijibu, nani husoma?"

Nikasema hakuna. Ule ujumbe huenda tu, haurudi.

"Mimi niliijibu," akasema.

Akanipa simu. Ujumbe wetu ulikuwa hapo juu, na mwaliko wake wote. Chini yake kulikuwa na maneno yake yeye, yameandikwa bila nukta na mtu asiyezoea kuandika: *mwenyewe hayupo nipo mimi mkewe*. Siku iliyofuata: *nipo nyumbani*. Siku iliyofuata tena: *mmepata*. Simu ilikuwa imeyarudisha yote, haikuweza kuyatuma.

Nikamrudishia simu yake, nikatoa yangu, nikaitafuta namba ya mzee na kuanza kuandika kwamba tumepata, mama, na kwamba tunaomba radhi. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Aliniacha niandike kidogo, kisha akanyoosha mkono wenye harufu ya mchicha, akaufunika uso wa simu yangu kwa kiganja chake.

"Baba," akasema, "si niko hapa?"